Kwaya Imechagua Tarehe Nyekundu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo kwaya nzima ya shemeji yangu Henriette inakuja kuniimbia kitandani, na kwa hesabu siwezi kuipokea, na kwa desturi siwezi kuifukuza.

Mimi ni mzee, vita vilinitoa Manono nikiwa na kitabu kimoja kwapani, Likasi ikanipokea, na sasa uvimbe wa tumboni umenifikisha kwenye dawa za kansa, chimio. Binti yangu Jenny, anayesoma hesabu Lubumbashi, ametunga milinganyo ya ugonjwa wangu: seli za uvimbe zinaongezeka mpaka zinabanana, askari wa mwili wanazishambulia lakini wanachoka, na dawa inapiga pande zote mbili bila kuuliza nani ni nani. Ukichora, mstari wa askari unaporomoka baada ya kila dawa, unafika shimoni, kisha unapanda polepole, nami nikiwa shimoni kikohozi cha mtoto kinaweza kunizika, na daktari amesema vivyo hivyo, basi ili nisibishane na mtu nikabandika grafu mlangoni, tarehe za shimo nikazitia wino mwekundu, nikalala nikijua hesabu inalinda mlango.

Henriette akaja na bukari, ugali wetu wa huku, na samaki, akaisoma grafu vizuri kuliko nilivyotarajia, akaweka kidole penye wekundu: "Shemeji, muntu akianguka mu shimo, njo siku ya kumuacha?" Nikamweleza habari za vijidudu. Akajibu, "Minye njo Henriette. Siko mikrobe." Sasa ameitisha kwaya kwa tarehe ile ile, na mke wangu Clémentine anasema nikiwafungia watu mlango, nitajizika mwenyewe. Nikifungua nitakufa, nikifunga nitakufa peke yangu. Nifanye nini?

Symphorien, Likasi

Baba Symphorien, pole kwa ugonjwa, na hongera kwa binti. Lakini uliona wapi mtu wa Likasi akaonyeshwa shimo la ndugu yake, halafu akarudi nyumbani kulala? Uliandika mwaliko kwa wino mwekundu, sasa unawashangaa wageni.

Milinganyo ya Jenny inakisia. Kipimo cha damu ndicho kinachojua shimo lako liko wapi. Kapime kabla ya Jumamosi, umsikilize daktari. Homa ikikupanda, usingoje wimbo uishe, nenda hospitali.

Mlango ubaki umefungwa. Kwaya iimbe uani; sauti nene hupenya kioo. Bukari aipokee Clémentine, ingali moto. Mwenye mafua abaki kwake, na akibisha, aambiwe kuwa gereza la Buluo haliko mbali.

Kisha bandua grafu hiyo. Bandika nyingine yenye tarehe za mstari unapopanda tu, uandike juu: Karibuni. Wa kwanza kuingia awe Henriette. Likasi ilikupokea bila kukupima damu. Usiifukuze, ipangie siku.

Na Jumamosi keti karibu na dirisha. Mtu akiwa shimoni, wenzake wanataka angalau wakione kichwa chake.