Tuta la Upande Wetu

Mume wangu, mjukuu wangu Ezekia,

Hapa Kamsamba joto ni lile lile, ila mpunga umekubali na mama yako ameacha kukohoa. Bibi yako mkubwa, dada yangu, amekaa hapa mkekani anapeta mchele. Anakusalimu.

Unaniuliza, serikali imeipa halmashauri yenu fedha za kuzuia mafuriko, muanzie wapi? Jamani, mhandisi mzima unamuuliza bibi! Lakini nimefurahi.

Nilipokuwa msichana, halmashauri ilileta fedha za kujenga tuta la mto kijijini kwetu. Tulibeba udongo tukiimba. Mvua zikaja, mto ukafurika, shamba letu halikuguswa. Baba akachinja jogoo.

Tukiwa tunakula, dada akashuka kwenye mtumbwi, sufuria kichwani, nguo zote matope. Alikuwa ameolewa ng'ambo, upande usio na tuta. Maji tuliyoyafukuza yalikwenda kulala kwake.

Akatazama ghala letu kavu, akasema, "Tuta lenu zuri kweli."

Hakuna aliyemaliza kula.

Fedha zilipokuja tena, baba alisimama mkutanoni akasema, "Hizi zivuke mto." Wengine walinuna, lakini zilivuka.

Mambo ya ramani siyajui, mume wangu. Ila kabla hamjapanga, vuka kwanza ng'ambo, ukale ugali wao.

Nimemsomea dada barua hii. Amecheka mpaka ungo umemponyoka, anasema nikuandikie: lile tuta lilikuwa zuri kweli.

Mkeo mzee,
Bibi Eliza