Kushona Tu

Tinde, Jumapili, Oktoba 1983

Jua limewaka tangu asubuhi na mvua bado haina habari na sisi. Kanisani sikwenda. Nimekaa uani na kichwa kizito, najifanya nachambua mchicha.

Siku hizi mgambo wanapita kuwakamata watu wasio na kazi inayojulikana, wanapelekwa mashambani. Ijumaa wakanikuta sokoni nimechuchumaa, naziba ndoo kwa risasi ya kuyeyusha, huku tepu ya kupimia nguo inaning'inia shingoni.

"Wewe mama, kazi yako nini?"

Nikaitazama ndoo, nikaishika tepu. Mimi, mwenye mdomo huu! Muuza dagaa akadakia kwamba mimi ni mshonaji. Mama wa maandazi akasema mshonaji wapi, huyu ni fundi wa majiko. Yule mgambo akacheka, akasema mwenye kazi zote hizo hana kazi. Niende ofisini kwao Jumatatu nikataje moja.

Imeniuma. Inaniuma mpaka sasa.

Jana Mzee Karim, mwenye duka la vitambaa pale barabarani, akaniita. Atanipa kibaraza cha duka na cherehani, na ofisini atanisemea kwamba mimi ni fundi wake. Sharti nishone tu. Ndoo, taa, majiko, vyote niache.

"Mama Kabula, mteja akiona masizi hayo mikononi, atakupa kitenge chake kweli?"

Ana hoja, mzee wa watu. Nimemwomba anipe mpaka kesho asubuhi.

Ni kweli hakuna aliyenifundisha. Kuziba nilijifunza kwa kuharibu jiko langu mwenyewe, na kushona kwa kuharibu gauni la Kabula. Mwanangu alilia siku nzima. Wifi yangu anasema natangatanga. Kuna asubuhi naamka nikimwonea wivu mtu anayejua kitu kimoja tu, akiulizwa anajibu hapohapo.

Lakini nikijifikiria pale kibarazani, nakunja pindo za watu kutwa nzima, moyo unakataa. Madukani hakuna ndoo mpya, hakuna taa, hata sufuria ni ya kutafuta kwa tochi. Mwenye jiko bovu aende wapi? Na tuseme ukweli, mimi hufurahi sana mtu akiniletea kitu ambacho sijawahi kukifungua. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Naogopa, jamani. Wakinipeleka huko mashambani, Kabula atabaki na nani?

Hata hivyo nimeamua. Kesho nitamwamkia Mzee Karim shikamoo, nitamshukuru, nitamwambia nguo zake nitashona, ila nyumbani kwangu. Kisha nitakwenda ofisini na kikapu changu cha vifaa, niseme mimi ni fundi.

Wakiniuliza fundi wa nini, nami nitawauliza: kwani hapa kwenu kimeharibika nini?