Kilichokuwa Katika Chupa ya Nne

Kambi ya Kiwandani,
Kericho.
14 Novemba 1996

Kwako Mongina, uliye kama dada kwangu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kambini. Natumaini barua hii itakukuta salama wewe na watoto, na kwamba kazi ya uuguzi hapo Kaplong haikulemei. Mimi ni mzima wa mwili. Wiki iliyopita mvua ya mawe ilitupiga vibaya, majani ya chai yakachanika kabisa, na wachumaji walikaa siku mbili bila kazi.

Barua yako niliipata kwa mkono wa Dorine aliporudi kutoka kwako. Uliniandikia kwamba babako, ambaye sasa anakaa kwako, hatoki nje ya nyumba tangu kanisa la hapa kambini limwondoe kwenye ushemasi. Ukaniuliza, mimi niliyekuwa ndani ya klabu ya mameneja siku ile akihudumu, kama ni kweli aliiba wiski ya wakubwa na kutia chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, kwenye chupa. Ulisema hutaki kufichwa hata kama jibu ni ndiyo. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaichana.

Unajua kazi yangu ni kuonja chai. Mwezi wa sita alikuja mzee mmoja Mskoti, zamani mnunuzi wa chai, akiwa na chupa tano za wiski. Alituelezea kwamba si wiski ya dukani. Huko kwao kuna wafanyabiashara wanaonunua pipa moja moja kutoka viwanda vya wiski, wanalilaza miaka mingi, kisha wanajaza chupa wenyewe na kubandika lebo yao yenye namba ya pipa. Kwa hivyo hakuna mapipa mawili yenye ladha moja. Alitaka watu wa klabu waonje na kutoa alama, na akaomba mtu mwenye ulimi wa chai awe mmoja wao. Robert, naibu meneja wa kiwanda, ambaye pia ni katibu wa klabu, akanitaja mimi.

Walipanga Jumamosi. Niliwaambia Sabato siendi popote, wakasogeza mpaka Jumapili alasiri, na chupa zikafungiwa kwenye kabati la klabu. Nilijidanganya kwamba kutema si kunywa. Chai pia huwa natema.

Mongina, sijawahi kuchukizwa namna ile. Glasi ya kwanza ilinuka bandeji na dawa ya vidonda, nikaona mbele yangu wodi nzima ya wagonjwa. Ya pili ilikuwa mpira ulioungua. Ya tatu ilikuwa na asali kidogo, lakini chini yake kulikuwa na kitu kama soksi iliyolowa. Nilitema kila mara na bado ulimi ulibaki kama umepakwa mafuta ya taa. Mameneja wawili waliokaa na sisi hawakutema. Walimeza, wakapumua kwa mdomo wazi, nyuso zikawa nyekundu, na mmoja alifuta midevu yake kwa kitambaa cha meza. Walizungumza juu ya ladha ya zabibu kavu na ngozi ya viti, huku wakicheua.

Halafu ikaja chupa ya nne. Wale wawili waliipa alama za juu kuliko zote. Mskoti akaniuliza mimi naonaje. Nilinusa, nikaonja, nikatema. Ilikuwa chang'aa, Mongina, ile ile inayopikwa mtoni, imetiwa rangi kwa chai. Nikasema hivyo. Mzee akaonja tena, akaiweka glasi chini polepole, akasema ni kweli.

Robert hakungoja. Alisema ufunguo wa kabati huwa kwa mhudumu. Babako alikuwa pale pale, ameshika sinia. Alisema sentensi moja tu: "Mimi sijagusa pombe tangu nibatizwe." Kisha akanitazama. Unakumbuka ni yeye aliyeniombea nitolewe kwenye kuchuma, nikapelekwa kiwandani. Wewe mwenyewe ulinishonea sketi ya siku ya kwanza.

Mskoti aliniuliza kama naweza kusema zaidi juu ya kile kilichokuwa kwenye chupa. Nikasema hapana.

Jumatatu babako alifutwa kazi. Ijumaa vitu vyenu vilikuwa nje ya nyumba ya kampuni, na godoro la mamako, Mungu amrehemu, lilinyeshewa barabarani. Nilipita upande wa pili.

Sasa nikuambie nilichoficha. Chai iliyotia rangi chang'aa ile haikuwa ya kawaida tunayosaga hapa. Mwaka huu tulitengeneza majaribio kidogo ya majani ya kusokotwa, yenye harufu ya maua, mkebe mmoja tu. Mkebe huo ulikuwa ndani ya chumba changu cha kuonjea, na funguo za chumba hicho ni mbili: moja yangu, moja ya Robert. Nilipoweka chang'aa ile ulimini niliijua chai hiyo mara moja, kama vile ningekujua wewe kwa sauti. Nilijua ni nani, babako akiwa bado amesimama na sinia.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Robert kwenye chumba changu. Alikuwa anaosha ule mkebe kwa mikono yake, mtu ambaye hata kikombe chake hajawahi kukiosha. Akasema, "Mellen, una ulimi mzuri. Ujue pia kuutunza." Baada ya miezi miwili nikawa mwonjaji mkuu, nikapewa nyumba yenye taa za stima. Niliipokea. Nimelala humo, nimekula humo, na wiski ile imenirudia kooni kila siku. Kwanza nilifikiri nachukizwa na wale watu. Baadaye nikajua ni mimi.

Barua yako ilipofika nilikaa nayo siku nne. Jumatatu hii nilikwenda kwa meneja mkuu, nikamweleza yote. Alimwita Robert, naye akakiri bila hata kuona haya kwamba alifungua kabati kwa ufunguo wa katibu, akaimaliza chupa hiyo na marafiki zake, kisha akaijaza chang'aa. Unajua kilichofuata? Anahamishwa shamba lingine na cheo chake kile kile. Babako hawezi kurudishwa, wanasema nafasi imejazwa. Barua ya kumsafisha jina pia wamekataa kuandika. Na mimi nimeambiwa kwamba nikiongea nje, nifungashe vyangu.

Nimeshafungasha. Sabato ya tarehe 23 nitasimama kanisani hapa kambini, mbele ya wote waliomwondoa babako, niseme yale ninayokuandikia. Ukiweza, mlete. Akikataa kuja, msomee barua hii. Sikuombi unisamehe, na ukija usiniwekee nafasi karibu nanyi.

Nisalimie watoto. Mwambie mdogo nimemwekea kalamu za rangi, Dorine atazileta. Mungu awalinde nyote katika nyumba hiyo, hasa mzee.

Siku zote nilimaliza barua zangu kwa kuandika rafiki yako. Leo naandika jina tu.

Mellen