Chaki na Kitambaa Chenye Maji

Fizi, Septemba 1998

Ndugu yangu Éliezer,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko milimani? Ng'ombe walifika wote? Binti yako Umwiza bado anakaa kwangu, anakula vizuri, na kubishana nami kumezidi.

Mwezi uliopita nilifundisha namna seli inavyopokea ujumbe. Kimeng'enya kimoja hubandika fosfati kwenye protini, nayo huamka na kuanza kazi. Kingine huibandua, kazi ikakoma. Maabara hatuna, kwa hiyo nilimpa Placide chaki awatie wenzake alama begani: mwenye alama asimame. Umwiza nikampa kitambaa chenye maji: aliyefutwa akae. Kisha nikamtoa Umwiza nje. Punde darasa zima lilikuwa limesimama, hakuna awezaye kukaa. Nikawaambia hivyo ndivyo seli inavyojiharibu. Walicheka sana, nami nikajisifu moyoni.

Jumatatu watu wenye bunduki walikuja shuleni. Walitaka mwalimu anayejua nyumba zote atie chaki milango ya watu wa milimani, watu wa kabila lenu, ili lori liwapeleke mahali salama. Éliezer, mwalimu huyo ni mimi. Niliwaamini, au nilitaka kuwaamini, kwa sababu niliogopa. Nilitia alama milango tisa, na wa mama yako Mukabera ukiwemo. Wangu niliuruka, ingawa Umwiza anakaa humo.

Nilipomweleza Umwiza, aliniuliza kitambaa amepewa nani. Alibeba ndoo akaenda kufuta mwenyewe. Aliwahi mlango mmoja tu, wa bibi yake, akamleta hapa kwangu. Watu wa ile minane walipandishwa kwenye lori. Lori lilirudi saa ile ile, tupu, likiwa limeoshwa.

Sithubutu kuomba msamaha. Naomba uje uwachukue Umwiza na mama yako, upite njia ya juu, kabla ya Jumapili. Leo asubuhi nimekuta chaki kwenye mlango wangu, na aliyeiandika si mimi. Ng'ambo ya barabara ameketi mtu na bunduki yake, anangoja aone nani atatoka kufuta.

Barua hii itapitia dirisha la nyuma, dogo lisilopitisha mtu, kwa jirani yetu Pulchérie, anayepanda huko kesho. Mama yako anakusalimu, anamsalimu na mkeo Marthe. Umwiza ameshika kitambaa tangu asubuhi, nami nimekaa mlangoni kumzuia.

Ni mimi rafiki yako,
Mwalimu Bertin