Tanuri Limepoa, Magogo Yasichomwe

Mdogo wangu Ezekia,

Kamwene. Huku Ghuba mimi na mwanangu Lameki tu wazima wa mwili. Je, kifua cha shangazi kinastahimili baridi ya Njombe?

Kosa la watu wengi, ndugu yangu, ni kudhani kwamba kitu wasichokiuza wao hakimfai mtu mwingine. Nimeliona kosa hilo hapa kwenye visima vya mafuta, na katika barua yako nimeliona tena nyumbani. Nikueleze polepole, kama zamani nilipokufundisha darasani.

Mafuta hutoka ardhini pamoja na hewa iwakayo, nayo huitwa gesi. Kampuni huuza mafuta tu. Awali serikali ya huku iliikataza kuichoma gesi ovyo, ikailazimu kuipitisha kwa bomba hadi kwenye matanuri ya matofali kijijini. Huko ndiko Lameki alikopata kazi, akajifunza kuchoma tofali hadi likigongwa linalia kama kengele.

Mwaka jana amri ililegezwa. Kampuni ilisema mabomba yanaizuia kufungua visima vipya na kuajiri watu. Sitasema uongo: visima vilifunguliwa, na watu waliajiriwa. Lakini gesi sasa inateketea juu ya mlingoti wa chuma, mchana na usiku, na matanuri hayana moto. Kuni hazipatikani katika jangwa hili. Tofali likawa ghali, wajenzi wakaondoka, na mama aliyewauzia mikate akafunga mlango. Faida ilikwenda mahali pamoja. Hasara ilipita nyumba kwa nyumba.

Mzee Salumu, mwenye tanuri, alinionyesha ule mwali. "Mwalimu, moto wangu sasa wanaipashia mbingu. Kwani mbingu ilisema inaona baridi?"

Vijana wa visimani humtania Lameki: "Wewe wa kwenu kwenye baridi, tanuri likipoa unalia nini?" Zamani angewajibu. Sasa hukaa ameupa mlingoti mgongo, wala hali vizuri. Tangu mama yake afariki nasi tuko mbali, alijiwekea neno moja: matofali ya kwanza atakayochoma nyumbani yatajengea kaburi la mama huyo, ambalo uliniandikia kwamba mvua imelididimiza. Anarudi kwa meli ijayo, mikono mitupu. Ana ufundi wake tu. Anataka kujenga tanuri Makambako, malori yanakopita na wenye maduka wanakotaka nyumba za tofali.

Sasa unaniandikia kwamba jumbe wa kijiji amelegeza marufuku ya kuchoma moto mashambani. Magome ya miti yetu ya miwati ya kilimani umekwisha kuyauza kwenye kiwanda cha dawa ya kutengenezea ngozi Njombe, na magogo utayachoma palepale ili upande ulezi. Umesema, "Gogo lisilo na gome ni takataka, kaka." Najua ulezi hupenda majivu. Lakini kumbuka, baba alichoma matawi. Magogo hakuyagusa, na ulezi wake uliota. Magogo hayo ndiyo moto wa Lameki. Yakiteketea, kijana atakuwa amepoteza tanuri mara mbili, na la pili tutakuwa tumelizima sisi wenyewe.

Sikulaumu. Hukujua, nami nilichelewa kuandika. Naomba tu barua hii iutangulie moto wako.

Mwambie shangazi, aliyesaidia kumlea Lameki, amwandalie mahali pa kulala. Nisalimie mkeo, mpika ulezi wangu, na mkwe wetu fundi seremala. Mwambie fremu za kufyatulia tofali zitahitajika. Mchungaji aliyemzika mama Lameki nampa mkono kwa mbali.

Ni mimi kaka yako, Yeremia. Ukimaliza kusoma, panda kilimani leo hii, uyatoe magogo shambani na kuyapanga kando ya njia.