Ng'ombe wa Chuchu Tatu

Chebet mjukuu wangu,

U mzima huko Kamere? Huku Njoro ngano imeshika vizuri, na mama yako anakusalimia.

Umeniuliza utawajibu nini wazazi wanaolalamika kwamba watoto wa gredi ya pili unaowafundisha wanachezea udongo badala ya kufanya hesabu. Mimi nilipoanza shule sikuwa nasema neno darasani. Siku moja mwalimu akatupeleka mtoni, akataka kila mtu afinyange ng'ombe wa kwao. Wenzangu wakamcheka wangu, kwa sababu alikuwa na chuchu tatu. Mwalimu hakucheka. Alichuchumaa karibu nami.

"Huyu ni wa nani?"

"Wa mama," nikasema. "Chuchu moja ilikufa."

"Haya, nne ukitoa moja?"

"Tatu."

Wote wakageuka kunitazama. Hawakuwa wamewahi kusikia sauti yangu.

Namshukuru mwalimu yule mpaka leo, kila nikikaa kukamua. Angeniambia niongeze chuchu ya nne, ningeiongeza haraka, halafu ningerudi kunyamaza.

Ni mimi kogo, bibi yako, ambaye siku hizi mnaniambia nimezidi kuongea.