Kitambaa cha Mama Mdogo

Makena, upo? Usiondoke. Niko maabara ya kompyuta chuoni, Adela analia hapa pembeni yangu na watu wote wanatutazama.

Kompyuta yake imekufa! Ile kuukuu aliyoapa ataitumia mpaka ahitimu. Ripoti ya muhula mzima imo humo, inatakiwa kesho, na hajainakili kwenye disketi hata ukurasa mmoja.

Wiki nzima ilikuwa ikizimika yenyewe. Akafuta michezo, akafuta picha, akaongeza memori. Ikazimika tena. Akampigia Phineas aliyemuuzia memori: "Mwizi wewe, umeniuzia takataka!" Phineas akamwuliza, "Dada, hebu iguse kwanza, ina joto?" Akamkatia simu. Makena, akamkatia simu!

Leo ametoka kuoga, akakuta harufu ya kuungua. Unakijua kile kitambaa cha kufuma alicholetewa kutoka Mbeya na mama yake mdogo, huyu anayekaa naye siku hizi? Kilikuwa juu ya kompyuta, kimening'inia mpaka nyuma, kimeziba feni. Alikiona kila siku! Kwao hata redio hufunikwa, basi akaona ni pambo tu.

"Nilikuwa naikinga na vumbi, mwanangu," mama mdogo akasema.

Phineas hapokei simu zetu. Wewe anakusikiliza. Mpigie, mbembeleze, aje aokoe ile ripoti.

Sasa hivi Adela amepiga nyumbani kuomba kompyuta isiguswe. Mama mdogo amemwambia asihofu, anafuma kitambaa kingine kikubwa zaidi, kitafunika mpaka skrini.

"Asante, mama mdogo," Adela akajibu. Akaweka simu chini, ndipo akaanza kulia.